Waya wa Mpwa Wetu

Mpwa wetu ana gari la michezo la miaka ya 1980, alilolipenda kabla hajalijua. Asubuhi huwaka mara moja. Adhuhuri, likisha kusimama juani pale Mwembe Tayari, injini huzunguka isiwake. Likipoa, huwaka kana kwamba halikufanya lolote. Alishauriwa anunue pampu ya mafuta, akanunua kwa mkopo. Aliposhauriwa kubadilisha kompyuta ya injini, dada yetu alitujia na bangili zake mkobani, tayari kuziuza.

Sisi si mafundi, ila tuliketi na mzee mmoja fundi wa umeme hadi tukaelewa. Maradhi haya ni mashuhuri. Wenye magari ya Porsche 944, yaliyotengenezwa hadi 1991, wengi wao hutembea na rilei ya akiba kwa sababu hiyo. Rilei ni swichi ivutwayo na sumaku ya umeme: mkondo mdogo huamrisha mkondo mkubwa uendao kwenye pampu. Ndani yake viungo vimeshikwa kwa lehemu, nayo kwa joto na mtikisiko wa miaka mingi hupata ufa mwembamba kama unywele. Joto likizidi, ufa hufunguka, likipungua, hufumba. Ndiyo maana gari huwa zima kila lifikapo gereji jioni. (Hapo mafundi tuwaonee huruma, kwa bei zao, hapana.) Basi gari la namna hii likigoma, akina mama, mwambieni kijana ajaribu rilei nyingine kabla ya kununua kitu chochote kikubwa.

Lakini lililotunyima usingizi ni jingine. Marafiki walikuwa wamemfundisha kuing'oa rilei na kuunganisha matundu yake kwa waya. Gari likawaka, naye akawapeleka mama yake na wadogo zake hadi Kilifi. Rilei ile haiwashi pampu tu. Injini ikizima ghafla, kama katika ajali, kompyuta huiamuru ikate umeme wa pampu. Waya haupokei amri: petroli huendelea kusukumwa, hata kama bomba limepasuka juu ya injini yenye moto.

“Mjomba, ilikuwa ya muda tu,” alisema. Tulimtaka auchomoe mbele yetu. Rilei mpya imewekwa, na ile kongwe imelehemiwa upya, imo garini kama akiba. Mkopo wa pampu bado unalipwa.