Mzizi Mmoja, Kazi Mbili

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga. Kipya cha siku hizi ni jinsengi, mzizi utokao Korea na China, ambao wachuuzi huusifu kwamba unayeyusha kitambi.

Shangazi yangu wa Suneka, karibu na mji wa Kisii, alinunua mkebe mmoja siku ya soko. Shangazi ana kisukari, na daktari alikuwa amemshauri apunguze uzito. "Mwanangu," akaniuliza, "nikinywa hii, si nitaachana na hivi vidonge?"

Swali hilo lilinitia hofu. Nikamjibu kwa mfano anaoujua, kwani alizaliwa Nyamira na kukulia kwenye mashamba ya majani chai. Jani likikatwakatwa na kuachwa hewani libadilike, huwa chai nyeusi. Likipitishwa kwenye mvuke upesi kisha likakaushwa, hubaki chai ya kijani. Jani ni lile lile, ila kilichomo hakifanani.

Jinsengi nayo ni vivyo hivyo. Mzizi ukikaushwa tu huitwa jinsengi nyeupe. Ukipikwa kwa mvuke kwanza huwa jinsengi nyekundu, na joto hugeuza kemikali zake: ile iitwayo Rb1 hupungua, na Rg3 huongezeka. Wanasayansi walipozijaribu katika maabara juu ya seli changa za panya, Rb1 ilizisaidia kugeuka seli za mafuta, ilhali Rg3 ilizizuia.

Mkebe wa shangazi haukueleza mzizi ulitayarishwaje. Na hata ungeeleza, seli zilizo katika kisahani cha maabara si tumbo la binadamu. Isitoshe, jinsengi yaweza kushusha sukari ya damu. Ikichanganywa na vidonge vya kisukari, sukari yaweza kushuka kupita kiasi. Yaweza pia kupunguza nguvu za warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Shangazi alinuna, maana pesa zile zilitokana na ndizi alizouza. Hata hivyo aliupeleka mkebe kliniki, na vidonge hakuviacha.

Mpenzi msomaji, ikiwa nyumbani kwako kuna mzee anayetumia dawa, muulize anakunywa nini kingine. Akikuonyesha mkebe wa aina hii, usimkaripie. Nenda naye kwa daktari, mkebe mkononi.