Batri ya umeme ikinyamaza, nani ana kosa?

Ndugu musomaji, na wewe kijana wa korale, kama mu kanisa lenu munachanga franka kwa kununua batri ya umeme, nisikilize kidogo. Mimi si fundi wa kusomea. Niko mutu wa korale tu, hapa Lubumbashi, lakini chombo hiki nimekifunga na kukifungua mara nyingi.

Wazee wanauliza: ngoma zetu ziko na kosa gani? Hazina kosa hata moja. Mwaka 1958, pale Kamina, Missa Luba iliimbwa kwa ngoma za kwetu, Padri Guido Haazen akiongoza, na watu wa inchi za mbali wakaisikia. Ngoma zibaki mu kanisa. Batri ya umeme inasaidia zaidi ku nyumba. Mu lupango moja kuko familia tatu, mutoto analala, jirani ametoka kazi ya usiku ku mugodi. Kijana anavaa visikio, anajifunza saa mbili nzima, na jirani anasikia paka fimbo zikigonga mpira.

Inafanya kazi namna gani? Chini ya kila kigozi, kikiwa cha mpira ao cha wavu, kuko kisahani chembamba. Mara nyingi kisahani hicho ni shaba iliyochanganywa na zinki, ile ile miwili iliyochimbwa Kipushi, na juu yake kumebandikwa kauri. Ukipiga, kinatetemeka na kutoa umeme kidogo sana. Kable inaupeleka ku kisanduku, na kisanduku ndicho kinatoa sauti. Kumbuka basi hawa watatu: kigozi, kable, kisanduku. Shida karibu zote ziko kwa mumoja wao.

Siku ya kufunga, tandika kwanza mukeka ao kapeti, pedale zisiteleze. Simamisha vyuma, kaza skuru bila kuzivunja. Kiti kiwe juu kidogo, mapaja yashuke mbele, mugongo usiumie. Kila kable iko na jina lake: pedale kubwa, kes kler, tomu, simbale. Ingiza kila moja pahali pake mupaka isikike "tak". Ku adaptatere, soma volti na alama ya + na -. Zilingane na zile zilizoandikwa ku kisanduku. Shusha sauti mupaka sufuri, washa kisanduku, kisha ampli. Wakati wa kuzima, ampli kwanza. Usitumie ampli ndogo ya gitaa, juu pedale kubwa inaweza kupasua bafle yake. Na umeme ukikatika, chomoa adaptatere haraka: kura ikirudi inaweza kuja na nguvu ya kuunguza.

Sasa nikuambie jambo lililotufikia. Korale yetu ilituma kijana mumoja anunue batri. Siku ya Posho, kesho yake ikiwa sikukuu, tuliifunga, na kes kler ikakataa kulia. Tulipiga, kimya. Prezida wa korale akakasirika:

"Weye njo uliichagua. Umekula franka zetu, ukatuletea kintu ya kufa!"

Kijana akajibu polepole: "Hapana, papa prezida. Ku magazini ilikuwa inalia muzuri, niliipiga mimi mwenyewe."

Hakuna aliyemusadiki. Wengine walisema arudishe franka, wengine wakasema aondolewe mu korale. Mama yake alikuwa amekaa kwa nyuma pamoja na waimbaji wa sauti ya kwanza. Akainamisha kichwa.

Mama mumoja mwenye umri, ambaye hajapiga batri hata siku moja, akauliza: "Bana, mumeangalia waya?"

Tukabadilisha kable mbili. Ile ya tomu tukaiweka ku kes kler, na ile ya kes kler ku tomu. Tukapiga. Kes kler ikalia! Tomu ndiyo ikanyamaza. Kumbe kosa lilikuwa mu kable. Tulifungua fishi yake, tukakuta kawaya kamoja ka shaba kamekatika. Mutengenezaji wa redio wa karibu alikaunganisha na risasi kwa dakika kumi.

Lakini kazi haikuishia pale. Prezida alisimama mbele ya korale yote, akasema: "Mwanangu, nilikuhukumu mbele ya watu. Mbele ya watu ninakuomba musamaha." Sisi tulionyamaza tukapeana naye mukono, mumoja mumoja.

Shika ile njia, musomaji: badilisha kitu kimoja tu, kisha piga. Shida ikifuata kable, ni kable. Ikibaki ku kigozi hata kwa kable nzima, ni kigozi. Vigozi vyote vikinyamaza pale pale ulipochomeka, ni tundu la kisanduku. Pigo moja likitoa sauti mbili, punguza kidogo wepesi wa kusikia mu kisanduku, ao pandisha kizingiti chake. Ukipiga tomu na simbale inalia yenyewe, angalia kama vyuma vyao vinagusana ao vimelegea. Simbale za pedale zikibaki wazi siku zote, kable ya pedale haijaingia vizuri. Ukisikia "mmmm" mu bafle, chomeka kisanduku na ampli ku prizi moja, na utenge kable za sauti mbali na za umeme.

Na mu nyumba zetu ni vile vile. Franka zikipungua, chakula kikiungua, redio ikifa, tunatafuta mutu kabla ya kutafuta kosa lenyewe. Siku ile mama aliinamisha kichwa sababu ya kawaya kadogo kuliko unywele.

Munaponunua batri yenu, ongezeni kable moja ya akiba. Na muulize juu ya waya kabla ya kuuliza juu ya mutoto wa mutu.