Begi la staa limenigombanisha

Wadau, hili nalitoa moyoni. Staa mmoja, jina kapuni, aliniazima pikipiki lake kubwa lenye mabegi ya ngozi pembeni. Nikaliegesha kwenye mchanga Kigamboni, stendi ikazama, likalala ubavu! Begi la kushoto likachubuka vibaya. Nikalipaka kiwi, wapi!

Jamaa alipoliona alinyamaza tu. Kumbe yale mabegi alishona marehemu baba yake.

Fundi akaniambia ningeweka kipande cha ubao chini ya stendi, isingezama. Nikalipia vyuma vya kinga, vinavyotokeza nje kuliko begi ili likianguka vitangulie chini, vikavishwa mpira wa tyubu. Pikipiki kalichukua, simu zangu hapokei. Nifanyeje jamani?