Ngozi Nayo Husikia

Wageni wanaojifunza Kiswahili hulishangaa sana neno moja: kusikia. Twasikia ngoma, twasikia harufu, twasikia baridi, twasikia maumivu. Tena kuna wanaoona njaa na kuona kiu bila ya kufumbua macho. Lugha hii haikuitenga milango ya fahamu kwa kuta nene, nasi twadhani ilifanya vyema.

Mwaka 1969 mtaalamu wa Marekani, Paul Bach-y-Rita, pamoja na wenzake, walieleza jinsi walivyowaketisha vipofu katika kiti cha daktari wa meno, ambacho egemeo lake lilitiwa ncha 400 za kutetemeka. Kamera ilitazama vitu vilivyo mbele, na picha yake ikachorwa kwa mitetemo juu ya ngozi ya mgongo. Baada ya mazoezi ya saa nyingi, watu hao walitambua simu, kikombe, hata sura za watu. Lakini la kustaajabisha zaidi ni hili: kamera ilipoongozwa na mtu mwingine, kipofu alisikia mtekenyo mgongoni, basi. Alipoielekeza kwa mkono wake mwenyewe, mgongo ulisahauliwa, na kitu kikawa kule mbele yake. (Sisi walimu wa lugha tunaujua mtekenyo huo, ndio aupatao mwanafunzi anayekaririshwa msamiati asioutumia.)

Kiti hakivaliki, ila mshipi huvaliwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Osnabrück, Ujerumani, walitoa mwaka 2005 habari za mshipi uliozungushiwa vidude vya kutetemeka. Daima hutetemeka kile kinachoelekea kaskazini, mvaaji ageukapo kokote. Uliovaliwa kwa majuma sita, uliwafanya baadhi ya wavaaji wahisi mji umekaa vipi, na mtetemo wenyewe ukafifia. Wengine hawakupata ila mtetemo. Twazipenda habari hizi kwa kuwa hazikuficha hilo.

Siku hizi ziko saa zinazomgonga mtu kifundoni mwa mkono kumwambia akate kushoto, na bangili zinazogeuza sauti kuwa mitetemo kwa ajili ya viziwi. Nani kati yetu hajapata kusikia simu ikitetemeka mfukoni, kumbe ameiacha nyumbani?

Shuleni kwetu, hapa Uganda, tunaye mwanafunzi kiziwi. Bangili ya namna hiyo hana, wala hatuoni itatoka wapi. Ngoma ya mapumziko ipigwapo huwa ameweka kiganja juu ya dawati, naye aghalabu huinuka kabla ya wenzake. Muhula uliopita aliandika katika insha yake, "Niliisikia ngoma nikatoka nje." Mwenzetu mmoja alilikata neno hilo kwa wino mwekundu, akaandika juu yake "niliona wenzangu wakitoka." Tulimwendea, tukamwomba alirudishe neno la mtoto. Amesema atalifikiria.