Alishusha IST Ikapendeza, Pesa ya Alaimenti Akaila: Tairi Likamuumbua Lamadi

Maswa mjini kuna IST moja ya silva ambayo kwa miezi miwili ilikuwa ndiyo habari ya mji. Imelala chini, rimu nyeusi, taa za bluu chini ya bampa. Mwenyewe, kijana wa duka la simu, akikuta tuta analivuka kimshazari, taratibu kama anaingiza meli bandarini. Watu wanacheka, yeye poa tu. Laiki zilikuwa zinaingia.

Kitu ambacho picha hazikuonyesha ni kwamba gari halikuwa lake peke yake. Nusu ya pesa ilitoka kwa mchumba wake, muuza vitenge sokoni, tena pesa ya mkopo wa VICOBA. Dada wa watu alikubali lishushwe kwa shingo upande, kisha akatoa elfu 40 nyingine: “Fundi kasema ukishusha lazima upige alaimenti. Hii hapa, usiiguse.”

Akaigusa. Zile taa za bluu ndiyo hiyo elfu 40.

Na fundi alikuwa sahihi kabisa. Kwenye IST, springi na shokapu za mbele zimefungwa pamoja, zimesimama wima. Ukikata springi, gari linashuka, mkono wa chini unaoshika tairi unabadilika mlalo, na tairi linaegemea ndani kwa juu. Hilo peke yake lina nafuu, hata magari ya mbio yanaegemezwa hivyo makusudi. Balaa liko kwenye tairodi. Nazo zinahama pembe, tairi mbili za mbele zinaanza kutazama pande tofauti kama watu waliogombana. Hapo tairi halibiringiki tu, linaburuzwa kila mita, na kwa sababu limeegemea, linaliwa kwa ndani. Ukisimama pembeni unaona kashata safi, unasema tairi jipya.

Dalili alizipata mapema. Gari linaenda moja kwa moja lakini usukani umekaa kombo, akiuachia linavuta kushoto. Akasema ni barabara. Barabara gani, wakati Maswa mpaka Bariadi ni lami?

Jumamosi moja wakaondoka kwenda Mwanza kununua vitu vya sendofu, mama mkwe mtarajiwa akiwa siti ya nyuma. Wakapita Bariadi, wakafika Lamadi, wakasimama kula samaki. Dogo wa kujaza upepo akapitisha mkono nyuma ya tairi la mbele kushoto, akautoa haraka. Kidole kinatoka damu.

“Dada, hebu njoo uone hapa.”

Akainama. Nje kashata zipo, ndani kipara kitupu, nyaya zimetokeza. Na jamaa muda si mrefu alikuwa anagusa 120, mama wa watu anasinzia nyuma.

Hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu: “Ile elfu 40 iko wapi?”

“Bebi, unajua...”

Mama alishachukua mkoba wake. Wakasimamisha Kosta, mama na binti wakaenda zao Mwanza, jamaa akabaki Lamadi anatafuta tairi la mtumba.

Aliporudi Maswa akaenda kwa fundi mzee wa siku zote. Mzee akaangalia chini, akatikisa kichwa. “Ng'wanawane, springi ikikatwa haioti.” Ikabidi zitafutwe springi nyingine za urefu wa kiwandani. Kisha mzee akakagua bushi na tairodi kwanza, maana kupiga alaimenti juu ya bushi zilizolegea ni kutupa hela. Baada ya hapo akavuta kamba kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, akapima umbali wa kamba na rimu, mbele na nyuma, akawa anazungusha tairodi kidogo kidogo. Mlalo wa tairi akaupima kwa timazi, ile ya mafundi ujenzi. Ekseli ya nyuma ya IST ni boriti moja, kiwandani hawakuiwekea pa kurekebisha, kwa hiyo kazi yote ikawa mbele. Bado akamwambia aende kwenye mashine Mwanza kuhakikisha. Safari hii alienda, tena risiti akampelekea mchumba sokoni bila kuulizwa.

Sendofu ilisogezwa mbele, haikufutwa. Gari sasa limesimama juu kama lilivyotoka Japani, taa za bluu zimeuzwa. Mama mkwe bado anapanda Kosta.