Maziwa Yasiyofika Mjini

Mpenzi msomaji, unapowachemshia watoto chai ya asubuhi, umewahi kujiuliza ni maziwa gani ambayo hayakuletwa mjini? Mimi nilijifunza jambo hilo katika shamba la familia moja karibu na Kiminini, kwenye barabara ya kutoka Webuye kwenda Kitale. Tulikuwa wageni kumi na wawili, wengi wetu wanafunzi kutoka Bungoma, na mama mwenye boma ndiye aliyetutembeza.

Alituonyesha nyasi za nepia zikikatwakatwa, ndama wakinyweshwa kwa ndoo, na pampu ya dawa ya kupe, wale wanaoleta ndigana. Wakati wa kukamua ulipofika aliosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, kisha akakamulia matone ya kwanza katika kikombe cheusi. Maziwa yakiwa na vibonge, alisema, kiwele ni kigonjwa.

Ng'ombe mmoja alikamuliwa mwisho, katika ndoo yake peke yake. Maziwa yalikuwa meupe, yana povu. Mama akayamwaga shimoni.

"Mama, mbona unamwaga mali?" mwanafunzi mmoja akauliza.

"Mwanangu, huyu anatibiwa kiwele. Dawa aliyopewa hutoka na maziwa. Daktari wa mifugo alinihesabia siku za kungoja, na bado hazijaisha." Kisha akasema polepole kwamba hiyo ndiyo karo ya kitinda mimba wake.

Hapo ndipo penye uzito, msomaji. Kipimo cha kuelea huonyesha maziwa yaliyotiwa maji, na kile cha spiriti huonyesha yaliyoanza kuchacha. Vyote viwili havionyeshi dawa. Kuchemsha huua viini vya maradhi, lakini hakuondoi dawa yote. Nao wako watu ambao penisilini huwadhuru. Isitoshe, viini vikiizoea dawa, siku ya kuugua haitatufaa.

Mkulima anayemwaga hubeba hasara peke yake. Jirani yake akichanganya maziwa ya namna hiyo na mengine, huenda akalipwa bei ile ile. Sisi wa mjini hatutawatofautisha kwa macho wala kwa ulimi.

Basi muulize muuzaji wako maziwa yake yanatoka wapi. Ukimpata anayelijua boma na wenyewe, usimkimbie kwa sababu ya shilingi mbili.