Gharama za Kesi ya Shamba

Sisi waalimu twaitwa mara nyingi kusoma karatasi za watu, na mwenye karatasi hutusadiki kana kwamba kujua kusoma ni kujua sheria. Leo twapenda kueleza kosa letu wenyewe, maana lilimletea jirani yetu taabu ambayo hakustahili.

Jirani huyo ni mzee wa kanisa. Alishindana na mwenzake juu ya mpaka, kipande cha migomba ambacho upana wake haupiti hatua nane. Baraza la kata lilijaribu kuwapatanisha, lisiweze. (Tangu sheria ilipogeuzwa mwaka 2021, baraza hilo halina tena uwezo wa kuhukumu mashauri ya ardhi, kazi yake ni kupatanisha, wala wakili haruhusiwi kusimama mbele yake. Apatanaye hapo hazioni hesabu tutakazozitaja.) Shauri likaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mzee alijitetea mwenyewe. Mwenzake aliweka wakili. Mzee akashindwa, akatuletea nakala ya hukumu. Tukaisoma yote, tukamwambia, "Mzee wetu, migomba imekwenda, mambo yamekwisha." Mwisho kabisa palikuwa na maneno matatu, "pamoja na gharama", nasi tukayapita kama mtu apitavyo tarehe ya barua.

Haukutimia mwezi wa pili, mzee akapokea karatasi nyingine. Hakutuletea, kwa kuwa tulikwisha kumwambia mambo yamekwisha. Naye aliona haya. Aliona chini yake jumla ya shilingi 4,600,000, akadhani ni deni lililokwisha kuhukumiwa. Akaikunja, akaitia katika Biblia, akaanza kumtafutia ng'ombe wake mnunuzi. Mkewe ndiye aliyetujia usiku akatuambia. Siku ya kuitwa barazani zilikuwa zimesalia siku tisa.

Basi tulikwenda kwa msaidizi wa kisheria, tukakaa mbele yake kama wanafunzi, akatufundisha. Ile karatasi haikuwa hukumu bali maombi. Mahakama za Tanzania hufuata desturi ya kwamba aliyeshindwa humrudishia aliyeshinda gharama zake, na hakimu akitaka kuamua vinginevyo sharti aandike sababu. Walakini kiasi chake hakisemwi na mshindi. Kwa Kanuni za malipo ya mawakili za mwaka 2015, ambazo ndizo zilizotumika katika shauri hili, mshindi huleta orodha yake katika siku 60 tangu amri ya gharama, na mkadiri huipima neno kwa neno, huku upande wa pili ukisikilizwa. Katika baraza la wilaya mkadiri ni mwenyekiti mwenyewe. Mzee asingalifika siku ile, orodha yamkini ingalisikilizwa bila neno lake.

Tuliuliza jambo moja lililotutatiza sana: je, wakili hatakiwi kuonyesha stakabadhi ya ujira aliolipwa? Tukajibiwa kwamba Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha kueleza kuwa ujira wa kuishika kesi hauhitaji stakabadhi, maana mkadiri haangalii mteja alilipa nini, huangalia viwango vya Kanuni, na uzito wa shauri, na kazi iliyofanyika. Mtu akimpa wakili wake mamilioni kwa kupenda kwake, hayo ni yake na wakili wake. Bali nauli, karatasi na matumizi mengine, mkadiri aweza kudai stakabadhi zake.

Tena kuna shauri la zamani, Premchand Raichand na Quarry Services, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki na kuchapwa mwaka 1972, wakati mahakama ile ilipokuwa ikizihudumia Tanzania, Kenya na Uganda. Majaji walisema kwamba gharama zisipande hata mahakama ikawa mahali pa matajiri tu. Kwamba aliyeshinda arudishiwe kwa haki. Kwamba malipo yawe ya kutosha kuwavuta watu katika kazi ya uwakili. Na kwamba mashauri yanayofanana yakadiriwe kwa namna inayofanana. Sisi tulilipenda lile la kwanza, tukakiri kwamba la pili lilikuwa juu yetu.

Siku ile mzee alisimama na daftari lake. Orodha ilitaja siku nane za kuhudhuria, kila siku shilingi 140,000. Daftari, pamoja na kumbukumbu za baraza, likaonyesha siku tano. Nauli ikashuka kutoka 320,000 hata 200,000. Karatasi, kutoka 160,000 hata 60,000. Ujira wa wakili ulioombwa, 3,000,000, mwenyekiti akaukadiria 1,500,000. Jumla ikawa 2,460,000. Na kwa sababu kilichokatwa kilizidi sehemu moja ya sita ya orodha, bila kuhesabu ada za baraza, mshindi hakupewa gharama za ukadiriaji wenyewe.

Tulifurahi njiani, mzee hakufurahi. Alisema kwamba mara nyingi amesoma madhabahuni habari za mtu ajengaye mnara asiyeketi kwanza na kuhesabu, wala hakuwaza hata siku moja kwamba katika kesi mtu hujenga minara miwili, wake na wa mwenzake. Tulimtajia njia ya kupeleka malalamiko Mahakama Kuu katika siku 21. Akakataa.

Ng'ombe aliuzwa, na miti ya mbao pia. Malipo yalifanywa kwa mafungu matatu, na fungu la mwisho lilihesabiwa nyumbani kwetu. Yule mwenzake akaandika stakabadhi kwa mkono wake. Nasi tukaisoma mara mbili, hata neno la mwisho, kabla mzee hajaikunja na kuitia katika Biblia.